Nilivyotoa bushi za mpira kwenye swingamu ya CG125 ya baba nikaweka za bronzi

Hii Honda CG125 aliniachia baba, ni zile za mwanzo za umeme wa volti 6. Honda walianza kuzitoa 1976 na hizi boda za Kichina nyingi tunazopanda leo injini zake zimeigwa humohumo, kwa hiyo upande wa injini sina hofu, spea zipo kila duka. Shida ya yangu ilikuwa nyuma. Ukikata kona na spidi 60 tairi la nyuma linataka kwenda kwake, ukiachia mafuta linavuta huku, ukivuta mafuta linarudi kule, yaani unafika nyumbani mabega yanauma kwa kukaza mikono. Nikabadili tairi. Nikabadili shokapu zote mbili. Iko vilevile.

Siku moja nimepita mtaa wa Gerezani, Dar, kwa mzee mmoja anayechonga vyuma, nikamsalimia nikamweleza, akaniambia mwanangu hebu ipandishe stendi kubwa. Akashika fremu kwa mkono mmoja, mwingine akashika ringi ya nyuma akaisukuma kulia kushoto. Tak, tak. Ringi inacheza kama milimita 8 hivi. "Tairi umelionea bure, bushi za swingamu zimekwisha." Swingamu ni ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, na bushi ni vile vipande vya duara vinavyokaa pale unapoungwa na fremu kwa bolti. Na kweli, pale kwenye bolti uchezaji ni kidogo mno huwezi kuuona kwa macho, ila swingamu ni ndefu, kwa hiyo kidogo cha mbele kinakuwa kikubwa kule kwenye tairi.

Bushi za CG ni mpira uliogandishwa katikati ya vyuma viwili vya duara. Cha ndani kinabanwa na bolti hakizunguki, cha nje kimekazwa kwenye swingamu, sasa ukipita shimo ni ule mpira ndo unajipinda. Raha yake hazitaki grisi. Nilishawahi kununua mpya za dukani, mpira wake mlaini, hazikumaliza miezi minne zikaachia. Ndo nikaamua nichongeshe za bronzi, na ndani yake kikae kipande cha bomba la chuma kigumu ambacho mzee alikitoboa kutoka kwenye shafti chakavu ya gari.

Kutoa za zamani ni kazi. Usigonge na nyundo tu, utapindisha masikio ya swingamu. Mi nilitoboatoboa mpira kwa drili mpaka chuma cha ndani kikatoka, afu nikapitisha bledi ya msumeno nikakata lile ganda la nje taratibu, sehemu mbili, huku naangalia bledi isiguse swingamu yenyewe, ukishakata hivyo linajikunja lenyewe unalisukuma kwa patasi. Jasho la asubuhi nzima.

Kuingiza mpya ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea, bushi zililala kwenye friza usiku kucha, asubuhi nikapasha swingamu moto kidogo, nikazivuta ndani kwa bolti ndefu, nati na washa nene. Ila jua kwamba bushi ikishaingia inabanwa, tundu lake linapungua, kile chuma cha ndani ambacho mezani kilikuwa kinapita vizuri kikagoma. Mzee akapitisha rima moja ndefu (kile chombo cha kupanua na kunyoosha tundu) kwenye bushi zote mbili kwa mkupuo, kulia mpaka kushoto, ili matundu yawe kwenye mstari mmoja.

Sasa hapa ndo nilikosea mara ya kwanza na ndo sababu kubwa ya kuandika haya. Vile vyuma vya ndani nilisema vikatwe urefu sawasawa na bushi, nikaona ndo kukaa vizuri. Nimefunga, nimekaza nati, swingamu ikawa nzito kuinyanyua, nikajifariji kwamba mpya ni mpya, italainika. Wiki mbili tu uchezaji umerudi. Kufungua nakuta midomo ya bronzi imesagika, grisi nyeusi imejaa unga wa njano. Kumbe bolti ilikuwa inabana bushi badala ya kubana chuma cha ndani.

Tukachonga upya, safari hii chuma cha ndani kimezidi bushi kwa milimita 0.2. Inaonekana si kitu ila ndo kila kitu, maana bolti inakaza chuma kwa fremu kwa nguvu zote na bushi inabaki huru kuzunguka juu yake. Kujua kama umepatia, toa shokapu zote mbili na cheni, kaza nati mpaka mwisho, nyanyua swingamu uiachie. Ikishuka yenyewe kwa uzito wake na ukiisukuma pembeni haigongi, umemaliza. Yangu ilishuka taratibu bila kukwama, mzee akacheka kwa furaha kuliko mimi.

Pia nilitoboa kila upande nikafunga nipo ya grisi (kile kichwa kidogo cha kupampia grisi), mbali na sehemu za welding, na ndani ya bushi tukachonga kamfereji grisi izunguke. Bronzi ikikosa grisi inakufa haraka, hasa masika haya ya matope. Mi napampu kila Jumapili ya pili mpaka ile chafu itoke pembeni na nione mpya inafuata. Mtikisiko umeongezeka kidogo kwenye siti, mpira ulikuwa unaumeza, lakini kona ile ya kuingia kwetu sasa naikata nimelegeza mikono.