Nilivyofuatilia ndege ya Vita vya Mjerumani Lindi, kuanzia injini

Nilianza na chuma, hadithi baadaye. Ndege za vita hivyo, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, ziliundwa kwa mbao na kitambaa. Mchwa wa Nyangao na Mtama, huku Lindi, hawabakishi mbao, kwa hiyo kinachopatikana shambani ni injini, nyaya na skrubu za kukazia nyaya. Silinda nane zilizokaa kwa umbo la V, zenye mapezi ya kupozwa kwa hewa, bila njia za maji, zinaelekeza kwenye injini ya RAF 1a ya ndege ya B.E.2c: rubani mmoja, mwangalizi mmoja. Ndege hizo zilikuwa za Skwadroni ya 26 ya Uingereza. Ukikuta kiunzi kizima cha alumini chenye riveti, hiyo ni ya baadaye, aghalabu ya Vita vya Pili, na nyaraka zake ni nyingine.

Namba zilizogongwa nilizisafisha kwa mswaki na maji tu. Brashi ya waya huzifuta. Namba ya injini si namba ya ndege, maana injini zilihamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine, na namba ya ndege ilichorwa kwenye kitambaa kilichokwisha kuoza. Kwa hiyo tarehe ndiyo ufunguo. Nilipouliza wazee, nilitaka kujua kama masimulizi yao yanaiweka ndege kabla au baada ya mapigano ya Waingereza na Wajerumani pale Mahiwa, Lindi, Oktoba 15 hadi 18, 1917. Angalia saa pia: saa moja u nusu asubuhi ya mzee ni 7.30 kwenye ripoti.

Kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, Kew, London, nyaraka zimepangwa kwa mafungu yenye alama: karatasi za vikosi ziko AIR 1, za maofisa AIR 76, na za marubani wa jeshi la majini ADM 273. Wengi hukimbilia AIR 27, ambayo inafaa zaidi kwa vita vya pili. Ramani za Wajerumani za 1:300,000 zinaandika Tschiwata na Massassi. Ukitafuta Chiwata na Masasi utatoka mikono mitupu.

Makaburi ndiyo yanayopotosha zaidi. Orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kwa kawaida haitaji sababu ya kifo, na malaria na kuhara damu viliua sana. Tena miaka ya 1970 makaburi mengi ya mikoani yalihamishiwa Dar es Salaam, hivyo kaburi la Dar halisemi mtu alifia wapi.

Ukiambiwa mabaki ni ya puto kubwa la Wajerumani (zeppelin) lililoitwa L59, achana nayo: liligeuzia Sudan na kurudi, Novemba 23, 1917. Ukikuta mifupa au bomu, usiguse. Mwite mtendaji wa kijiji na polisi.

Kabla ya kuandika kwamba rubani alikufa, nilisoma ripoti za miezi iliyofuata. Jina likitokea tena kwenye zamu za kuruka, alinusurika.