Risasi ya Unga Limited

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 19, nabangaiza kwenye yadi ya vyuma chakavu ya mjomba, mtaa wa Unga Limited, Arusha. Mkokoteni ukaleta kitu kama chungu cha chuma, kizito ajabu, kutoka kiwanda kilichofungwa zamani. Ubavuni kilikuwa na kibati cha njano chenye pangaboi jeusi la mapanga matatu. Tukasema ni nembo ya kampuni ya feni.

Mjomba alikwangua kwa msumari, akaona risasi. Si ya bunduki, ile ya kwenye betri za gari. Bei yake na ya chuma ni mbingu na ardhi. Nikapewa tindo na nyundo. Hadi adhuhuri nilishachimba shimo la kuingia kidole gumba.

Mwalimu mmoja wa fizikia alikuja kutafuta springi ya gari. Akakiona kibati, akaitambua alama ya hatari ya mionzi. "Kijana, weka nyundo chini. Sogea huku!" Akapiga simu Tume ya Nguvu za Atomiki, kule Njiro.

Alikuja mama mmoja mpole na kipimo kinacholia ti, ti, ti. Hata shikamoo yangu aliiitikia macho yakiwa kwenye mshale. Akaingiza penseli kwenye shimo langu, akaweka alama kwa ukucha, akanionyesha. "Risasi ndiyo iliyokuzuilia mionzi, mwanangu. Na wewe unaibomoa."

Ndani kulikuwa na seziamu-137, kitu kinachotoa mionzi, iliyotengenezwa 1978. Hupungua nusu kila miaka 30, kwa hiyo nusu nzima ilikuwa bado ipo.

Akatusimulia ya Goiânia, Brazili, 1987. Mashine ya kutibu saratani iliachwa kwenye kliniki iliyohamwa, ikaishia yadi kama yetu. Unga wake wa seziamu uling'aa bluu gizani, watu wakagawiana. Wanne walifariki: mtoto wa miaka 6, mke wa mwenye yadi, na vijana wawili wa kazi waliokuwa wakitoa risasi. Mmoja alikuwa na miaka 18. Wataalamu walitoka hadi ng'ambo kusaidia. Watu zaidi ya 100,000 wakapimwa, nyumba zikabomolewa, udongo ukakwanguliwa na kufungwa kwenye mapipa.

Mimi nikawa natazama viganja vyangu. Alivipima, kimya. Visafi.

Chungu kilipakiwa kwenda ghala la taka za mionzi. Vingine, alisema, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki husaidia kuvirudisha vilikotengenezwa.

Mjomba alilifuata gari hadi getini.

"Samahani mama, na kilo zangu je?"