Nilivyotoa sigara kwenye baa yangu na wateja wakabaki

Kila niliyemwomba ushauri alinijibu jambo lile lile: ukikataza sigara kwenye baa, afadhali ufunge tu. Wenye baa wenzangu hapa Nakuru walisema hivyo, na hata kijana anayeniletea kreti za bia. Waliongea kwa uhakika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujaribu. Mimi nimejaribu, na Jumamosi usiku bado watu wanatafuta viti.

Sheria yenyewe si ngeni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa Kenya mwaka 2007, ikaanza kazi Julai 2008, na baa hazikuachwa nje. Anayevuta sigara mahali pa umma anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Lakini watu wameichukulia kuwa sheria ya katikati ya mji mchana. Saa nne usiku, ndani ya baa, nani anaikumbuka?

Kilichonisukuma ni msichana wangu wa kaunta. Ana pumu na hajawahi kugusa sigara, lakini ilikuwa kila akimaliza zamu za wikendi anashinda akikohoa. Siku moja nilipangusa TV kwa kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya chai ya mkandaa. TV hiyo ilikuwa imepanguswa wiki hiyo hiyo, na yeye ndiye anayesimama chini yake mpaka tunafunga.

Nikaanza na ushauri wa fundi wa stima. Aliapa kwamba dawa ni feni kubwa ya kunyonya hewa: wavutaji wakae kona moja, feni juu yao, basi. Elfu ishirini na kitu zikaenda hapo, sijahesabu kutoboa ukuta na plasta. Ile feni ilinguruma hadi watu wakaongeza sauti ya TV, na jirani wa ghorofani akaja kulalamika. Mechi ilipoanza, kona ikahama: wavutaji walibeba viti na sigara zao wakasogea karibu na TV, na feni ikabaki inanyonya hewa ya meza tupu. Jioni upepo ukivuma kutoka upande wa Menengai, moshi ulirudi ndani kupitia tundu lile lile. Fundi akaniambia ninunue feni ya pili. Nilikataa. Mganga mkuu wa serikali ya Marekani alishatoa ripoti mwaka 2006 kwamba kupitisha hewa hakumkingi asiyevuta akiwa chumba kimoja na wavutaji. Kwa hiyo anayekuuzia feni kwa kazi hii, mwache aende nayo.

Wengine walinishauri nitenge chumba cha wavutaji. Sheria inaruhusu sehemu iliyotengwa yenye njia yake ya hewa. Lakini nani atapeleka bia humo ndani? Ni msichana yule yule.

Basi nikaamua wavutie nje, uwani, nikaweka mabenchi na debe la mchanga la kuzimia vichungi. Hawakutoka. Nilidhani ni ubishi, mpaka mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa miaka, akaniambia ukweli: "Mama, bia yangu nimwachie nani? Nikirudi nikute imetiwa mchele?"

Alikuwa na haki. Kila mnywaji hapa mjini anajua mtu aliyewekewa mchele, yaani dawa ya kumlaza mtu ili aibiwe, akaamka bila simu wala pesa. Wengi walikuwa wanaogopa kuacha glasi mezani.

Hapo ndipo nilipopata njia, na ninajivunia hii kuliko yote. Ukitaka kuvuta, unapeleka chupa kaunta. Inafunikwa mbele ya macho yako, inawekwa nyuma kwenye rafu ambayo mteja hafiki, unapewa kibao chenye namba. Ukirudi, unatoa kibao, unapewa chupa yako. Vibao alivichonga seremala wa mtaani kutoka mabaki ya mbao, karibu bure. Wiki haikuisha kabla hata wasiovuta hawajaanza kuweka bia zao kaunta wanapoenda msalani.

Visahani vya majivu nilivitoa mezani vyote siku moja. Kikibaki hata kimoja, mtu atakiona na kuwasha. Na anza Jumanne, usianze siku ya mechi. Wahudumu wangu niliwakataza kutaja sheria au faini kwa mtu aliyekwisha kulewa, wanasema tu, "Mzee, kiti chako kiko nje, bia naiweka mimi." Baunsa hajahitajika.

Wako waliohamia baa ya jirani mwanzoni, na mauzo yalishuka kidogo. Wengi wamerudi, tena sasa na wake zao, na nyama choma inatoka kuliko zamani. Ireland ilikataza sigara kwenye baa zote tangu Machi 2004, na mvua yao ilivyo, watu wanatoka nje wanavuta. Sisi wa Nakuru tunashindwa na nini?

Msimu wa mvua niliongeza mabati juu ya mabenchi. Fundi alitaka kuziba na pande. Nikamwambia aache wazi, maana akiziba tu, tayari ni chumba kingine cha moshi, na kesho mtu ataagiza bia iletwe humo.