Chios, kisiwa cha mastiki

Likizo hii mimi na rafiki yangu tumewaachia wengine msongamano wa Santorini, tukaja Chios, kisiwa cha Ugiriki kilicho karibu kabisa na pwani ya Uturuki. Vijiji vya kusini huishi kwa mastiki, utomvu wa miti mifupi ambayo wakulima huchanja magome yake wakati wa kiangazi, baada ya kufagia chini na kumwaga udongo mweupe ili matone yanayodondoka yagande bila kuchafuka. UNESCO iliutambua ujuzi huo mwaka 2014. Nilitafuna punje moja: mwanzoni ilikuwa chungu na ikavunjikavunjika, kisha ikashikana na kuacha harufu ya msonobari, mwenzangu aliitema papo hapo, wala sikumlaumu. Kijiji cha Pyrgi, chenye kuta zilizokwanguliwa lipu zikatoka maumbo ya kijivu na meupe, kinapendeza pichani, lakini mimi nilivutiwa zaidi na Mesta, kijiji kilichojengwa kama ngome enzi za utawala wa Genova, mji wa Italia, ambacho nyumba zake za pembezoni zimeshikana zikawa ndizo ukuta wenyewe, na vichochoro vyake vilitupoteza hadi bibi mmoja aliyekuwa akikata maharage mabichi mlangoni akatuelekeza njia kwa kisu. Kesho ni zamu ya Nea Moni, monasteri ya karne ya 11.