Nilitaka silikoni kubwa, nikaishia kupunguza kitambaa

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni. Kwa miaka 19 nimepima vifua vya mabibi harusi, mama zao na mashangazi zao, na nimejifunza jambo ambalo wateja hawaambiani: karibu hakuna mwenye matiti mawili yanayolingana. Kwa hiyo aibu ya kifua cha mtu sina. Changu tu ndicho nilikuwa sikipimi.

Siku niliyokipima ilikuwa usiku, watoto wamelala. Nimezaa watatu, na mwaka ule nilikuwa nimepungua kilo 18 baada ya kutishwa na sukari. Nguo zilinikaa vizuri kila mahali isipokuwa juu. Ndani ya sidiria nilikuwa mtu mwingine. Nikivua, yanashuka kama soksi iliyokatika lastiki. Nikaweka futikamba kwenye kishimo cha chini ya koo, nikaishusha mpaka kwenye chuchu. Kushoto sentimita 29, kulia 28. Nikaikunja futikamba nikalala.

Shoga yangu alikuwa amerudi kutoka Istanbul. Alikwenda na matiti yaliyolala kama yangu, akarudi na kifua kinachotangulia mlangoni. Mifuko ya silikoni ya mililita 475 kila upande, alizitaja kama mtu anavyotaja namba ya gari jipya. Akaniambia, "Shoga, wewe jaza tu. Yakijaa yanasimama."

Nikamwamini, kwa sababu nilichokuwa nakiona kwa macho kilikuwa kinasimama. Nilikuwa na akiba ya kununua mashine mpya ya ovaloki. Nikaamua ovaloki isubiri.

Kusafiri sikutaka. Nilijua nikipata tatizo wiki ya tatu nitakuwa Dar na aliyenipasua atakuwa Uturuki. Nikaanza kuuliza hapahapa juu ya huu wanaouita upasuaji rekebishi, wa kurekebisha umbo la mwili. Majina niliyopewa niliyatafuta kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye simu. Mmoja wao, yule mwenye picha nyingi kuliko wote, nikamkuta ni daktari wa kawaida, si bingwa wa upasuaji. Huyo nikamfuta.

Bingwa niliyemwendea alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kidogo. Nilikaa nikamwambia moja kwa moja: nataka 475, na kama zipo kubwa zaidi anionyeshe.

"Sawa, dada," akasema. "Unataka yawe makubwa, au unataka yapande?"

"Si kitu kilekile?"

Hakujibu. Aliniomba nivue, muuguzi akiwepo, akachukua kalamu akailaza kwenye mkunjo wa chini ya titi, pale waya wa sidiria unapokaa. Akaniambia niangalie kwenye kioo chuchu iko wapi ukilinganisha na ile kalamu. Kulala kwa matiti kuna hatua tatu, akasema. Ya kwanza, chuchu imeshuka mpaka usawa wa mkunjo. Ya pili, imepita chini yake. Ya tatu, imepita na inaangalia sakafu. Zangu zilikuwa zinahesabu vigae.

Kama ningekuwa hatua ya kwanza, au kama nyama ya ndani tu ndiyo iliyopungua na chuchu bado iko juu ya mkunjo, silikoni ya wastani ingeweza kunitosha. Inajaza kile kilichosinyaa, na titi linaonekana limeinuka kidogo. Lakini silikoni haipandishi chuchu. Inawekwa nyuma, ukutani mwa kifua, na chuchu inabaki palepale ngozi ilipoipeleka. Mwenye hatua ya tatu akijazwa tu, silikoni inakaa juu na titi lake la asili linaning'inia mbele yake. Alinichorea kwenye karatasi. Ghorofa mbili. Nikacheka, halafu nikakumbuka kifua cha shoga yangu akiwa ndani ya dera bila sidiria, nikaacha kucheka.

Hapo nikamkatiza. "Daktari, yaani mto umesinyaa na foronya imetanuka."

"Ndiyo. Na wewe unataka mto mkubwa zaidi ndani ya foronya ileile."

Ningeelezwa kwa maneno ya kitabu ningebishana. Lakini hili ni la kazi yangu. Mteja aliyepungua akiniletea gauni linalompwaya, simwambii ale mpaka alijaze. Nafumua mshono, nakata kitambaa kilichozidi, nashona upya. Na uzito pia nikauelewa. Mililita 475 za silikoni ni karibu nusu kilo. Nusu kilo ya sukari kila upande, usiku na mchana, ikibebwa na ngozi ileile iliyoshindwa kubeba matiti yangu mwenyewe. Kadiri silikoni inavyokuwa kubwa ndivyo ngozi ya chini inavyozidi kuvutwa na kuwa nyembamba. Ukijaza ili kuinua, baada ya miaka kadhaa una kitu kizito zaidi cha kuinua.

Nikauliza kwa nini asifanye vyote siku moja, apunguze ngozi na kuweka silikoni. Alisema inafanyika, na wapo wanaotoka vizuri. Ila ni kazi mbili zinazovutana: moja inabana ngozi, nyingine inaisukuma, na kidonda kiko katikati. Kwangu mimi angependa kuinua kwanza, tusubiri miezi itulie, halafu kama bado nataka kujaza nirudi tuzungumze silikoni ndogo.

Kilichonimaliza kabisa ni habari ya matunzo. Mimi nilidhani silikoni ukishaweka umeweka. Akanisomea onyo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani imelazimisha lichapishwe kwenye maelezo ya silikoni hizo tangu 2021: si vifaa vya maisha yote, na kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa kurudi kwenye upasuaji unavyoongezeka. Za jeli zinashauriwa kupigwa picha, MRI au ultrasaundi, mwaka wa tano au wa sita, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu zinaweza kupasuka ndani bila wewe kuhisi chochote. Nikapiga hesabu ya cherehani: mashine ni bei yake na matengenezo yake. Matengenezo haya sikuwa nayo.

Akaniuliza kama shoga yangu ana kadi yake, ile yenye jina la mtengenezaji na namba ya kifaa. Jioni nikampigia. Hakuwa nayo, alipewa begi, marashi na sidiria mbili. Daktari alikuwa ameniambia ya PIP, kiwanda cha Ufaransa kilichogunduliwa mwaka 2010 kuwa kinajaza jeli ya viwandani badala ya ile ya hospitali. Wanawake wa nchi nyingi walibaki wanatafuta makaratasi wajue wamebeba nini kifuani. Asiye na kadi ataanzia wapi?

Usidhani kuinua nilikupenda. Kovu lake ndilo lililoninyima usingizi wiki mbili. Kwa hatua yangu mkato unazunguka chuchu, unashuka wima, kisha unakwenda kando kwa kando chini ya mkunjo, umbo la nanga. Na sisi watu weusi makovu yetu yana tabia ya kuvimba. Mdogo wangu alitoboa sikio mara ya pili akaota uvimbe kama punje ya korosho. Daktari alikagua kovu la chanjo begani kwangu na kovu la upasuaji wa uzazi, yote yamelala chini, akasema ni dalili nzuri lakini si hati ya dhamana.

Baba watoto alisema, "Mimi sijalalamika." Nikamwambia sijauliza kama umelalamika.

Mdogo wangu huyohuyo alikuwa mjamzito wakati ule, na siku moja akaropoka kwamba hatanyonyesha, asije akawa kama mimi. Hilo liliniuma kuliko vipimo vyote. Nikalipeleka kwa daktari. Akasema kuna utafiti wa Kentucky, Marekani, uliochapishwa 2008: wanawake walinganishwa, na kunyonyesha hakukuonekana kuwa ndiko kunakoyaangusha. Kilichohusika ni idadi ya mimba, umri, unene na sigara. Titi linajaa na kutanuka wakati wa mimba, unyonyeshe usinyonyeshe. Ndiyo maana pia kwanza aliniuliza kama nimefunga uzazi wangu, maana mimba nyingine ingeharibu kazi yake. Mdogo wangu alijifungua, na mtoto amenyonya. Huo ulikuwa ushindi wangu wa kwanza kabla hata sijapasuliwa.

Kabla ya siku yenyewe nilipimwa damu, sukari na presha, na kwa kuwa nimeshapita miaka 40 nilipigwa mammogramu, yaani eksirei ya matiti, na ultrasaundi, wahakikishe hawashoni ngozi juu ya ugonjwa. Niliulizwa sigara na shisha mara tatu na watu watatu tofauti, kwa sababu moshi unabana mishipa ya damu na chuchu inaweza kufa. Nikaambiwa niache aspirini.

Asubuhi ile daktari alinichora nimesimama. Nilifurahi kweli. Matiti ukilala yanatawanyika kando, huwezi kujua pa kukata. Hata mimi mteja simpimi amekaa. Alichora kwa kalamu ya wino, akarudi nyuma hatua mbili, akakodoa jicho moja, akafuta, akachora tena. Nikamwambia, "Fundi mwenzangu." Baada ya hapo ni nusu kaputi, sikumbuki.

Maumivu sikuyaona makubwa nilivyoogopa. Kilichonitesa ni mikono. Wiki sita sikuruhusiwa kunyanyua ndoo, kulala kifudifudi, wala kukata kitambaa kwa mkasi mzito. Mwanafunzi wangu akakata sare za harusi za watu tisa, vifua vyote vidogo. Nililipa kitambaa.

Wiki ya tatu, pale mshono wa wima unapokutana na ule wa chini, kidonda kikaachia kama tundu la kifungo. Nililia nikijua nimeharibika. Daktari akasema sehemu hiyo ndiyo inayoachia zaidi kwa sababu mishono inavutana hapo, akanifunga kila baada ya siku mbili, kikaziba chenyewe. Nilimshukuru Mungu kwamba alikuwa umbali wa daladala mbili. Baadaye ncha moja ya kovu, upande wa kwapa, ilianza kunyanyuka na kuwasha. Nimechomwa sindano ya dawa humo mara tatu na nabandika plasta ya silikoni usiku. Naam, silikoni nimeipata, ila ya kubandika. Chuchu ya kushoto ilikufa ganzi kwa miezi saba hivi, halafu hisia zikarudi, kwanza kama kuchomwa na pini.

Sasa imepita miaka miwili kasoro. Nimeshuka saizi moja ya sidiria, jambo ambalo nililiambiwa na bado lilinishangaza. Na niseme ukweli, pale juu hapakujaa. Kuinua kunapandisha, hakujazi. Kile kifua cha duara cha kwenye picha sina. Zipo siku nikishona gauni la shingo pana najiangalia kwenye kioo cha dukani nikatamani mililita 150 tu. Daktari alisema mlango upo. Sijaugonga, na mwaka huu nimenunua ovaloki.

Shoga yangu alikuja mwezi uliopita nimpunguzie gauni. Yameshuka, na shingo inamuuma. Alisimama mbele yangu, nikaweka futikamba kwenye kishimo cha koo kama ninavyofanya kwa kila mtu. Akauliza zangu ni ngapi siku hizi. Nikamwambia 21 kulia, 21 na nusu kushoto.

"Hata huko hawakulinganisha?"

Nikamwambia anyanyue mkono nimpime kiuno.