Usiku Nilipouhamisha Mnara

Mwaka 2021 nilikuwa nikiendesha kwa njia ya mtandao kampeni, yaani mfululizo wa vikao, ya mchezo wa kuigiza mezani: mwendeshaji anasimulia dunia ya kubuni, na kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini humo. Wachezaji wangu walikuwa watano, kila mmoja nyumbani kwake, nasi tulikutana kwa sauti tu, hedifoni masikioni, kila baada ya wiki mbili. Kampeni hiyo haikuwa na kisa kilichopangwa. Hapakuwa na mfalme wa kuokolewa wala unabii wa kutimizwa. Kulikuwa na kijiji kimoja kando ya nchi isiyojulikana, na kazi ya wachezaji ilikuwa kutoka, kutazama, kuchora walichokiona na kurudi wakiwa hai.

Ramani ya kweli niliishika peke yangu. Nilikuwa nimeigawa kwa pembesita, kila moja ikiwa na upana wa maili 6. Desturi ya pembesita ni ya tangu mwanzo wa michezo hii: kanuni za kwanza za Dungeons & Dragons, walizozitoa Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, ziliwaelekeza watu watumie ubao wa mchezo mwingine uitwao Outdoor Survival kwa safari za nyikani, na ubao huo ulichorwa pembesita. Kipimo cha maili 6 nakipenda kwa sababu ya macho. Mtu akisimama tambarare katikati ya pembesita ya namna hiyo, upeo wake uko umbali wa maili 3 hivi, yaani ukingoni mwa pembesita yenyewe, na mwendeshaji anajua papo hapo msafiri anaona nini na nini kimemfichika. Programu tuliyoitumia ingeweza kuwaonyesha wachezaji ramani hiyo ikiwa imefunikwa ukungu, ukafunuka kadiri wanavyotembea, lakini nilikataa. Nilikwisha kuona jinsi mtu anavyoacha kusikiliza pindi anapoonyeshwa picha. Niliwapa maneno tu: mwelekeo, umbali, mteremko wa ardhi, maji yanatiririkia wapi. Ramani yao waichore wenyewe.

Aliyeichora alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, ambaye mhusika wake hakuwa na upanga wala uchawi wa maana, bali dira na karatasi ya miraba. Kila mwisho wa kikao alipiga picha karatasi ile na kututumia. Majina yote yaliyokuwa juu yake waliyatunga wao. Kilima kisicho na jani kileleni walikiita Upara, na kingine, maili 10 na ushei mashariki yake, wakakiita Mti Pweke.

Siku walipokuwa juu ya Upara niliwaambia kwamba moshi mwembamba unapanda kutoka msituni, upande wa kaskazini mashariki. Kesho yake, wakiwa juu ya Mti Pweke, niliwaambia kwamba moshi uleule sasa uko kaskazini, na chini yake kunaonekana ncha ya mnara. Dada yule akachora mistari miwili, mmoja kutoka kila kilima, na ilipokutana akaweka nukta. Mnara, akasema, uko maili 12 kaskazini yetu. Nilitazama ramani yangu. Alikuwa sahihi kabisa, na nilifurahi moyoni kuliko ninavyoweza kueleza, maana hakuna mtu aliyemfundisha kufanya hivyo ndani ya mchezo wetu.

Kikao cha tisa ndicho walichoingia msituni. Walikuwa wametoka kijijini na posho ya siku 7 kila mtu, na siku 4 zilikwisha kwenda. Msituni kundi lilitembea pembesita moja kwa siku, na kila asubuhi nilirusha kwa siri dadu ya pande sita: ikiangukia 1 au 2, wamepotea bila kujua, na dadu nyingine inaamua wamepindia wapi. Siku ya kwanza ilikuwa 4, wakaenda kaskazini sawasawa. Siku ya pili ikaanguka 1, wakapindia kaskazini magharibi. Siku ya tatu, 2, mwelekeo uleule. Jioni hiyo walikula posho ya mwisho wakiamini kwamba mnara upo mbele yao hatua chache, nao ulikuwa maili 10 mashariki yao.

Waliponiuliza wanaona nini, nikawaambia miti. Kukawa kimya. Wanaocheza mezani wakitazamana usoni hawawezi kujua kimya cha mtandaoni kilivyo kizito. Hakuna nyuso, na anayewaza na anayesinzia wanasikika vilevile. Nilisikia mtu akipiga mwayo. Saa ya kuagana ilikuwa imekaribia, na mimi niliwaza jambo moja tu: wamechoka, wataondoka wakiwa na njaa na mikono mitupu, na safari ijayo watakuja watatu, kisha wawili, kisha hakuna. Basi nikasema, "Miti inaachana ghafla. Mbele yenu kuna mnara."

Waendeshaji wengi hufanya hivyo na hawaoni vibaya, na katika mchezo unaofuata kisa sidhani kwamba kuna ubaya mkubwa. Mlango ambao hakuna aliyeuona bado unaweza kuuweka popote. Lakini mnara huu ulikuwa umeonwa, tena kutoka vilima viwili.

Walipanda ngazi kwa shangwe. Juu kabisa dada yule akaniuliza vilima vile viwili viko upande gani. Nilitazama ramani, nikaweka kidole pale walipokuwa hasa, nikajibu kwa ukweli bila kufikiri: "Upara iko kusini moja kwa moja. Mti Pweke uko kusini mashariki."

Kimya tena. Safari hii nikasikia penseli.

"Kaka," akasema, "kutoka Upara moshi tuliuona kaskazini mashariki. Kama mnara ndio huu, Upara ingekuwa kusini magharibi yetu, na Mti Pweke ungekuwa kusini. Mistari haikutani. Ama mnara huu si ule, ama mnara umehama."

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Ningesema tu kwamba huu ni mnara mwingine, na ningekuwa na wiki mbili za kubuni sababu. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Kilichonizuia ni picha aliyoituma wakati huohuo: ile nukta ya siku nyingi, mistari miwili ikipita ndani yake, na mistari mingine miwili mipya, iliyochorwa kwa mkono mwepesi, ikikutana mbali upande wa kushoto. Nikaona pia picha nyingine kabla ya hiyo, na saa ilipotumwa: wakati wa kile kimya cha kwanza. Kile kimya nilichokidhania kuwa uchovu, wote watano walikuwa wakiitazama karatasi yake, wakihesabu hatua, wakijiuliza ni siku gani walikosea njia.

Nikawaambia ukweli. Nilisema kwamba mnara nimeuhamisha mimi, kwamba niliogopa wamechoka, na kwamba nukta yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mmoja alicheka kidogo. Aliyepiga mwayo akasema kwamba alikuwa macho tangu alfajiri, ila angekesha mpaka ajue wamepotelea wapi. Dada yule hakucheka. Akasema, "Basi uondoe. Turudishe msituni."

"Hamna posho," nikamwambia.

"Tunajua."

Wenzake wakakubaliana naye mmoja mmoja, kwa sauti. Niliufuta mnara. Walikuwa tena chini ya miti, jioni ileile, na posho imekwisha. Mmoja wao alipanda mti mrefu kuliko yote na kuniuliza anaona nini, nami nikamjibu yaleyale: Upara kusini, Mti Pweke kusini mashariki. Sasa mistari ile miwili haikuonyesha mnara bali ilionyesha wao wenyewe, mahali waliposimama, na kutoka hapo hadi kwenye nukta ilikuwa safari ya siku mbili kuelekea mashariki. Tuliagana wakiwa hapo, saa nzima baada ya wakati wetu.

Wiki mbili baadaye walikuja wote watano. Dadu za asubuhi niliomba nizirushe mbele yao kwa siku zile mbili, lakini walikataa, wakasema nirushe kwa siri kama kawaida. Usiku wa kwanza njaa ilimwangusha mwindaji wao, na hakuamka. Mchezaji wake alimwomba dada yule aandike jina la marehemu mahali hapo kwenye karatasi. Jioni ya pili walisikia harufu ya moshi. Walipofika juu ya mnara, kabla ya kugusa chochote, dada yule aliniuliza vilima viko wapi.

"Upara kusini magharibi," nikasema. "Mti Pweke kusini."

Penseli ikasikika, kisha picha ikaingia: mistari minne, nukta moja, na duara dogo kuizunguka.