Mamangu hataki kulelewa, anataka watu wa kupiga nao soga

Mamangu ana miaka 73, anajipikia, anajifulia, anapanda matatu mwenyewe mpaka Kongowea na kurudi na kikapu kimejaa. Taabu yake ilikua jioni. Nyumba yetu hapa Majengo, Mombasa, ni ile ya Kiswahili, vyumba vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati mpaka uani, na tangu babangu afariki na sisi watoto tutawanyike alibaki yeye na paka. Siku moja nikamkuta anachemsha mbaazi, kikombe kimoja cha chai tu, nikamuuliza mbona kidogo hivo, akanambia "nikipika nyingi namlisha nani?" Wallahi niliumia.

Kakangu akamchukua kwake Bamburi, ghorofa ya nne. Siku kumi na moja tu akarudi. Mchana kutwa wenyewe wako kazini, mlango wa chuma umefungwa, hakuna baraza, hakuna hata wa kupiga hodi.

Halafu mwezi wa pili baada ya kurudi akateleza uani usiku akienda choo, akakaa pale chini mpaka alfajiri, jirani aliposikia anaita. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini kutoka siku hiyo sikulala vizuri.

Wazo lilikua lake mwenyewe. Ana shoga yake wa tangu chuoni, nyumba aliyopanga Kuze imeuzwa na hataki kwenda kukaa kwa mkwe, na huyo naye anamjua nesi mstaafu, Mtaita, anaishi peke yake Changamwe. Mama akasema vyumba si viko, waje.

Kakangu alikasirika, ati watu watasema tumemtupa mama tumefungua nyumba ya wazee. Nikamwambia nyumba ya wazee unaenda kutunzwa, hapa hakuna anayemtunza mwenzake, kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake. Nikamsimulia wale akina mama wa High Barnet, London, wote zaidi ya miaka 50, walihangaika karibu miaka 18 mpaka 2016 wakahamia kwenye makao yao waliyopanga wenyewe, kila mmoja na mlango wake na ukumbi wa wote. Sisi nyumba ya namna hiyo tunayo tayari, tumeachiwa na wazee wetu!

Kama unafikiria kumfanyia mzazi wako, pesa zizungumzwe mwanzo, msioneane haya. Mama na wenzake tokeni za stima, gesi na maji ya mkokoteni wanagawa kwa tatu. Mama na shoga yake wanapata zile 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, pesa za serikali za wazee wa miaka 70 kwenda juu, ambazo ukiwa peke yako hazifiki popote, nesi hajatimiza 70 lakini ana pensheni. Ugomvi upo, mama anawasha redio alfajiri na sauti juu na nesi anapenda kulala, wameshanuniana siku mbili nzima kwa hilo. Lakini usiku, mmoja akikohoa, unasikia chumba cha pili "vipi, shoga, ni salama?"

Sasa mbaazi wanapika sufuria kubwa, na mahamri jirani anatumiwa.

Jumamosi naenda na fundi kuweka vyuma vya kushikilia kule choo, na taa ya uani. Mama amenambia nikiwa pale nipake rangi chumba cha nne, kuna mtu ashaulizia.